Mlimba hadi Makambako, na sayari 600 baada ya hapo

Kitabu hiki, Pandora's Star cha Peter F. Hamilton, nilikiacha mara mbili kabla hakijanishika. Tangu nikimalize nimekiazimisha kwa watu wawili hapa kazini, wote wamekirudisha bila kufika hata ukurasa wa 150, na wote wamesema neno lile lile: kinachelewa. Sibishani nao. Ila imeniuma, kama inavyouma mtu akikataa chakula ulichopika mwenyewe, na tangu Jumapili nazunguka na maneno kichwani. Nimeona niyaweke hapa.

Nilikinunua Dar, kwa wale wauza vitabu wanaotandaza kando ya njia maeneo ya Posta, siku ya mwisho ya semina ya wakunga. Jalada limejikunja pembeni, mgongo umepasuka sehemu mbili, na ukurasa wa kwanza mtu ameandika jina lake kwa kalamu kisha akalikata. Kurasa zaidi ya 1,100. Yule kaka alitaka elfu kumi, nikampa saba. Hamilton ni Mwingereza, na kitabu kilitoka mwaka 2004. Hadithi haiishi humo. Inaendelea na kumalizikia kwenye Judas Unchained cha 2005, na baadaye akaandika vitabu vingine vitano vya ulimwengu huo huo, karne nyingi mbele. Kwa hiyo anayefungua hiki cha kwanza ajue ameanza safari ndefu.

Vitabu vya namna hii wenyewe wanaviita opera ya anga. Jina lilianza kama tusi mwaka 1941, alilitoa Wilson Tucker, naye alikuwa mwandishi na mpenzi wa hadithi za sayansi, akizilinganisha hadithi mbovu za vyombo vya angani na zile tamthilia za redio zilizodhaminiwa na kampuni za sabuni. Baadaye waandishi walilichukua wakalivaa bila aibu. Mimi tamthilia nimekua nazo, tukiangalia kwa jirani, sebule imejaa hadi mlangoni, na sioni ubaya wa hadithi yenye watu wengi, ukoo mrefu na siri za miaka.

Nikitenda haki, kurasa za mwanzo kabisa haziendi polepole hata kidogo. Rubani wa NASA, Wilson Kime, anatua Mars na wenzake. Maisha yake yote yalikuwa maandalizi ya siku hiyo. Wanasimika bendera, wanajiandaa kupiga picha, halafu wanakuta kuna mtu amekwishafika. Kijana kasimama na suti ya anga ya kujitengenezea, nyuma yake kuna duara limefunguka hewani, na ndani ya duara hilo inaonekana maabara iliyoko California, mwenzake anachungulia na nywele zake nyingi. Ni Nigel Sheldon na Ozzie Isaacs. Wamefungua kile ambacho wanafizikia wanakiita tundu la mnyoo: mlango unaounganisha sehemu mbili zilizo mbali, ukipiga hatua moja umefika. Kwa hatua hiyo moja, chombo kilichomleta Kime Mars kimekuwa chuma chakavu.

Nilimhurumia sana Kime. Nikageuza ukurasa nikitaka kujua alirudi vipi nyumbani na uso gani. Kitabu kikaruka hadi mwaka 2380 na hakikuniambia.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Unapewa Dudley Bose, mwanaastronomia mzee wa chuo kidogo kwenye sayari ya mbali, ana darubini hafifu na bajeti ya kuombaomba, naye anakesha akisubiri nyota moja izimike. Zinazimika mbili, zile zinazoitwa jozi ya Dyson. Mwanafizikia Freeman Dyson aliandika mwaka 1960 kwamba viumbe walioendelea sana wanaweza kuizunguka nyota yao nzima ili wasipoteze nishati yake, na sisi tulio mbali tungeona mwanga wake umefichwa umebaki joto tu. Ndilo jambo hilo kwenye kitabu, ila nyota hizi mbili hazikufunikwa taratibu kwa karne na karne. Zilifunikwa kwa pigo moja la moyo. Nani amezifunika? Wa ndani wamejifungia, au kuna aliyewafungia?

Swali hilo ni zuri kiasi kwamba unataka jibu sasa hivi. Badala yake unapewa mtu mwingine, kwenye sayari nyingine, na shughuli zake nyingine. Kisha mwingine. Adam Elvin anashuka stesheni kununua silaha kwa siri. Ozzie, aliyekuwa kijana wa Mars, anaamua kwenda kutembea kwa miguu porini akiwatafuta Silfen, viumbe wanaofanana na wale wa ngano za Ulaya wanaoishi misituni na kuimba. Kuna kikao kirefu cha wakubwa. Kuna mpelelezi na kesi ya mauaji yaliyotokea miaka arobaini iliyopita. Kila mmoja anakuja na nyumba yake, chakula chake, historia ya mji wake na jinsi jua la huko linavyotua.

Mara ya kwanza nilikifungia kwenye kikao cha wakubwa. Mara ya pili nilifika mbali zaidi, hadi katikati ya kesi ya mauaji, nikasema huyu mwandishi amesahau alichoniahidi. Kikakaa juu ya kabati la dawa miezi minane, chini ya boksi la glovu.

Mara ya tatu ilitokea kwenye treni, na naamini isingetokea penginepo.

Nafanya kazi kituo cha afya upande wa Mlimba, chini bondeni kwenye mpunga. Baba anaishi Makambako. Alikuwa fundi njia wa Tazara, reli ya Tanzania na Zambia, tangu miaka ya themanini, wale wanaotembea juu ya mataruma na nyundo, wanagonga reli na kusikiliza. Reli nzima ina mlio wake na iliyolegea ina wake. Njia hiyo ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, na kipande kilichowatesa zaidi wajenzi ni hiki hiki kati ya Mlimba na Makambako, maana ndipo treni inapopanda kutoka bondeni hadi nyanda za juu. Mahandaki na madaraja yamefuatana.

Mtu aliyepanda hapo atanielewa. Mlimba unatoka umelowa jasho, madirisha wazi, akina mama wamekupitishia ndizi na samaki wa kukaanga kutoka chini. Treni inaanza kuvuta. Inaingia kwenye handaki la kwanza, giza linakuja mara moja, watoto wanapiga kelele, harufu ya dizeli inajaa behewani, halafu mwanga. Unaangalia nje, msitu ni ule ule. Handaki la pili. La tatu. Daraja, chini yake korongo hadi kichwa kinazunguka. Handaki tena. Na mahali fulani, huwezi kusema ni baada ya handaki la ngapi, unatoka gizani na hewa imebadilika. Mtu mmoja anafunga dirisha. Mwingine anatoa sweta kwenye begi. Rangi ya majani siyo ile. Ukishuka Makambako watu wamevaa makoti, wanauza njegere na viazi, na wewe una kanga begani kama umeanguka kutoka nchi nyingine. Nilipokuwa mdogo niliamini kabisa kwamba handaki moja kati ya yale halikuwa la kawaida.

Juni ile nilikuwa napanda kumwona Baba, kitabu nimekiweka begini kwa kukosa kingine. Nikakifungua pale Adam Elvin anapofika stesheni ya sayari ya Velaines. Nilikuwa nimeshapasoma mara mbili. Treni ikaingia handakini nikashindwa kuona herufi, nikabaki nimeshika ukurasa kwa kidole gizani. Tulipotoka na ule ubaridi kunipiga shingoni, ndipo nilipoelewa nilichokuwa nasoma.

Kwenye dunia ya kitabu hiki watu hawasafiri kwa roketi. Wanapanda treni. Sheldon na Ozzie walipotengeneza lile tundu walilipeleka kwenye sayari moja, kisha nyingine, hadi zikafika zaidi ya 600, na njia rahisi ya kupitisha watu na mizigo kwenye mlango wa kudumu ilikuwa kutandika reli. Unapanda behewa asubuhi chini ya jua la njano, unavuka pazia jembamba la nguvu linalozuia hewa za pande mbili zisichanganyike, na jua linalokupiga dirishani sasa ni la rangi nyingine. Hakuna anayeshangaa. Mtu anaendelea na gazeti lake. Hivi ndivyo binadamu walivyokaa kwa zaidi ya miaka 300, na kwa kuwa treni inafika kila mahali, hakuna aliyehitaji tena chombo cha angani hata kimoja.

Nikarudi nyuma nikaanza upya, Makambako ikiwa bado mbali.

Safari hii nilisoma kama abiria. Nilikuwa nakosea kwa kusubiri nyota zile mbili tu, na kila mtu niliyemkuta njiani nikamhesabu kuwa kizuizi. Kumbe Hamilton alikuwa anatandika njia. Kila sura ni stesheni moja. Anakushusha, anakuonyesha watu wa pale wanakula nini, nani tajiri wao, kipi wanakiogopa, anakupandisha tena. Ukimaliza nusu ya kwanza una ramani kichwani, unajua kipi kiko jirani na kipi, na una watu unaowajua huko. Na mwenye kuwajua watu wa stesheni fulani hawezi kusikia habari mbaya za stesheni hiyo kwa masikio makavu.

Nichukue ile kesi ya mauaji iliyonishinda mara ya pili. Huko kwao mtu hazeeki akafa. Anarudishwa ujana kila baada ya miongo kadhaa, na kichwani amepandikizwa kitu kidogo kinachohifadhi kumbukumbu zake. Ukiuawa, unaoteshwa mwili mpya na kumbukumbu zinarudishwa ndani. Sasa mwanamke mmoja na rafiki yake walitoweka miaka arobaini iliyopita. Wakarudishwa. Mpelelezi anakaa sebuleni na mwanamke aliyeuawa, anamuuliza maswali kuhusu kuuawa kwake, naye anajibu kwa utulivu kwamba hakumbuki, maana kumbukumbu zake zinaishia kabla ya siku ile. Niliacha kusoma nikatazama ukutani. Mimi nimefanya kazi miaka kumi na moja mahali ambapo maisha yanaingia, na mara nyingine yanatoka usiku huo huo, na sijawahi kukutana na swali kama lile: ukimrudisha mtu aliyeuawa, aliyemuua amekosa nini hasa? Mahakama yao inajibu. Adhabu inatolewa, na ni nzito kuliko nilivyodhani.

Mpelelezi huyo ni Paula Myo. Amezaliwa kwenye sayari ambako watu hutengenezwa tangu mimba kwa ajili ya kazi zao, yeye akatengenezwa kuwa polisi. Akaibwa akiwa mchanga na watu wa nje waliotaka kumkomboa na maisha hayo, wakamlea kama mtoto wao. Alipokua na kugundua kosa lao, akawakamata. Waliomlea! Anamsaka mtu mmoja kwa zaidi ya karne na hachoki, kwa sababu kuchoka hakumo ndani yake. Mara ya pili nilimchukia. Mara ya tatu nilimwona kama watu wawili watatu niliowahi kufanya nao kazi, ambao haki kwao haina undugu, na ukiwa na shida ya kweli ndio unaowatafuta.

Na mshtakiwa wa kesi ile ana msichana, mwanamichezo mdogo anayeitwa Mellanie, asiyejua lolote la dunia. Mara mbili zote nilimpita kama pambo. Ukishafika mbali, utashangaa ni nani amesimama pale ambapo mambo makubwa yanatokea.

Zile nyota mbili nazo zinakuja. Wakubwa wanaamua kujenga chombo cha kwenda kuangalia, chombo cha kwanza cha aina yake baada ya karne zote zile za treni. Na nani apewe kukiongoza? Wilson Kime. Yule yule wa Mars, amerudishwa ujana mara kadhaa, amekuwa meneja mkubwa wa kampuni, ana kila kitu isipokuwa kile alichonyang'anywa siku ile na vijana wawili. Anapoambiwa, nilikuwa zamu ya usiku, wodi imetulia, mama mmoja tu ananung'unika kwa mbali. Nikafunga kitabu nikatembea hadi dirishani. Chombo kinaitwa Second Chance, yaani nafasi ya pili, na kama usingevumilia kurasa zote zile za mwanzo, jina hilo lingekuwa jina tu.

Yanayotokea huko nyotani sitayasema yote. Niseme tu kwamba kuna sura moja inayosimuliwa kutoka upande wa kiumbe aliyefungiwa mle. Hajui upendo, hajui urafiki, hajui hata neno la "wengine" isipokuwa kama kitu cha kumaliza. Sura hiyo nilianza kuisoma saa nane usiku na sikuweza kurudi kulala. Hamilton hamfanyi kuwa shetani. Anakueleza alivyoanza, majini, tangu kale, jinsi kila hatua ya kukua kwake ilivyokuwa na sababu, hadi unamwelewa kabisa, na kumwelewa kwenyewe ndiko kunakotisha.

Ninayetaka kukaa naye kidogo ni mtu mdogo, Mark Vernon. Wasomaji wengi hawamtaji. Ni fundi. Alikuwa anafanya kazi kwenye sayari ya viwanda, akachoka, akahama na mke wake Liz na watoto wao wawili kwenda mji mdogo wa milimani unaoitwa Randtown, kwenye sayari ya Elan. Huko wanalima zabibu na yeye anatengeneza mashine za watu. Hamilton anampa kurasa nyingi. Anakaa barazani na mke wake wakitazama ziwa. Anaitwa kurekebisha kitu cha jirani. Watoto wanacheza na mbwa. Hakuna siri, hakuna njama, na ukiwa na haraka utaruka kurasa hizo, maana unajiuliza huyu fundi ananihusu nini mimi ninayetaka habari za mwisho wa dunia.

Halafu inafika siku ambayo matundu yanafunguka juu ya sayari ishirini na tatu kwa wakati mmoja, na siyo binadamu waliofungua. Njia ile ile ya kuvuka, hatua moja umefika, sasa anaitumia mwingine. Na mwandishi, katika sayari zote ishirini na tatu, anakupeleka wapi? Randtown. Kwa Mark. Unajua barabara ya kutoka pale ni moja. Unajua nani ana basi. Unajua watoto wako upande gani wa mji. Hakuna anayekueleza chochote kwa sababu ulishaelezwa, mamia ya kurasa nyuma, ulipodhani unapoteza muda. Nilisoma sehemu ile nimesimama jikoni na maji ya ugali yakachemka hadi kukauka.

Ningeshangaa kama kuna njia ya mkato ya kufika pale. Nimejaribu kufikiria kitabu hiki kikianzia kwenye shambulio, kama wenzangu wanavyotaka, na ninachoona ni mji unaoungua na majina nisiyoyajua.

Wodini tunajua kitu kuhusu mwanzo. Mama wa mimba ya kwanza anakuja jioni na uchungu, tunampima, njia imefunguka sentimita mbili. Saa nne usiku, mbili. Saa saba, tatu. Ndugu zake wananijia mlangoni wakiwa wakali: dada, mbona hamfanyi kitu? Tunafanya. Tunamhesabia, tunasikiliza moyo wa mtoto, tunamtembeza kwenye veranda. Mwili wake unajifunza njia ambayo haujawahi kuipita, na mimba ya pili mara nyingi itakwenda upesi kwa sababu ya kazi ya usiku huu. Niliwaza hilo nilipoanza Judas Unchained nikajikuta nimemaliza kurasa mia mbili kwa siku mbili za mapumziko. Kinakimbia kweli kweli. Kila mtu anajulikana, kila stesheni imeshafikiwa.

Siyo kila polepole ya kitabu hiki ni kazi, na hilo niliseme wazi kwa sababu sipendi mtu anayesifu bila kupima. Kuna nyumba za matajiri zinazoelezwa chumba kwa chumba na hazirudi tena. Kuna mikutano ambayo mtu akiikata nusu hakuna mshipa utakaovuja. Na wanawake wengi wanaandikwa kwa jicho la mwanamume: kwanza mwili, kisha nguo, kisha ndipo akili. Mellanie ndiye anayeonewa zaidi. Ni jasiri kuliko wengi wa waliopewa vyeo, na bado sura baada ya sura unaambiwa amevaa nini. Ilinikera mara ya kwanza na inanikera hadi leo, na nadhani Hamilton, ambaye anaweza kuingia kichwani mwa kiumbe asiye na sura ya mtu, angeweza pia kuingia kwa binti wa miaka ishirini kama angetaka.

Lakini kuna polepole nyingine ambayo haina faida yoyote kwa hadithi na nisingeikubali ikatwe. Mwanamke tajiri anayeitwa Justine anakwenda sayari ya mbali iitwayo Far Away kwa ajili ya mchezo mmoja. Kila alfajiri dhoruba inatoka baharini inasukumwa kati ya milima mikubwa. Watu wanajifunga ndani ya ndege nyembamba isiyo na injini, imefungwa chini kwa kamba, wanasubiri upepo uwafikie, kisha wanaachia. Upepo unakurusha juu ya mlima mrefu kiasi kwamba kileleni hewa imeisha na unaona nyota mchana. Kurasa nyingi, mtu mmoja peke yake na upepo. Niliisoma kwa sauti, peke yangu, mlango umefungwa, kwa sababu nilitaka kusikia inavyopanda.

Kwa anayetaka kujaribu, nilichofanya mimi kilinisaidia. Nilichukua daftari la shule, kila mtu mpya nikamwandikia jina lake, sayari yake na kitu kimoja anachokitaka. Bose: anataka aheshimiwe. Ozzie: anataka jibu kutoka kwa watu wa msituni. Kime: anataka chombo. Mark: anataka aachwe akae na familia yake. Nilipofika jina la ishirini na kitu, sikuhitaji daftari tena. Na usisome kidogo kidogo kitandani ukiwa na usingizi. Kipe safari au kipe siku nzima ya mvua.

Desemba nilipanda tena Makambako. Baba macho yake yamepatwa na mtoto wa jicho, anasubiri zamu ya upasuaji, na tangu hapo hasomi hata Biblia yake. Jioni ya kwanza, baada ya salamu za kamwene na chai, aliniuliza lile tofali ninalotembea nalo ni la nini. Nikamwambia ni habari za reli. Akasogeza kigoda karibu na jiko la mkaa. Nikaanza kumsomea, namgeuzia kwa Kiswahili papo hapo, pengine nakwama natafuta neno, yeye ananisubiri. Sikuruka kitu. Mars, bendera, kijana wa suti ya nyumbani. Yule mzee na darubini yake. Baba alinisikiliza kimya hadi pale treni inapovuka pazia na kutokea sayari nyingine. Akainua mkono.

"Hebu simama hapo. Upana wa reli?"

"Upana gani, Baba?"

"Hizo sayari zao mia sita. Zote zinatumia upana mmoja? Sisi hapa ni milimita 1,067. Ile inayotoka Kilosa ni mita moja kamili. Zinakutana Kidatu, na mzigo lazima ushushwe upakiwe upya, kwa sababu ya milimita 67. Sasa wao wanavuka nyota na nyota."

Nikamwambia sikumbuki kama wameandika, ila treni inatoka sayari moja inaingia nyingine bila abiria kushuka, kwa hiyo lazima upana ni mmoja.

Akakaa akitazama makaa. Vidole vyake vilikuwa vinagonga goti taratibu, kama anayekagua kitu.

"Basi walikaa wakakubaliana tangu mwanzo," akasema. "Kabla ya taruma la kwanza." Halafu akanigusa mkono. "Haya, mwanangu, endelea. Yule mzee wa darubini umemwacha na baridi huko juu."